Akili Mnemba Katika Huduma za Afya: Ahadi Zake, Hatari Zake na Wajibu Wetu Mbele ya Mgonjwa

Katika Injili, Kristo Bwana anapotangaza Ufalme wa Mungu huwaponya pia wagonjwa. Ndiyo maana tangu siku za mwanzo Mama Kanisa hakutenganisha altare na kitanda cha mgonjwa. Zahanati ya misioni, kituo cha afya cha masista, na hospitali kubwa kama Bugando huko Mwanza au Nsambya huko Kampala ni matunda ya utume huo huo mmoja. Leo hii, katika vyumba vya tiba ambamo wauguzi na madaktari wamezoea kufanya kazi kwa macho, mikono na masikio yao, ameingia msaidizi mpya anayeitwa akili mnemba. Programu za kompyuta zinasoma picha za mapafu, zinapendekeza jina la ugonjwa, zinakadiria ni mgonjwa yupi aliye hatarini zaidi, na kwenye simu zetu za mkononi zinajibu maswali ya wagonjwa hata usiku wa manane.

Waamini wengi wanauliza: je, teknolojia hii ni baraka au ni tishio? Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa lugha nyepesi jinsi inavyofanya kazi, mema inayoyaleta, hatari zinazoandamana nayo, na mwanga ambao Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupatia. Jambo tunalopenda kulikazia tangu mwanzo ni hili: mashine inaweza kutoa makadirio mazuri, pengine mazuri kuliko ya mtaalamu aliyechoka, lakini haiwezi kubeba wajibu. Wajibu mbele ya mgonjwa unabaki kuwa wa mwanadamu, na mwanadamu huyo hana budi kujulikana.

Akili mnemba ni nini?

Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, ni jina la jumla la mifumo ya kompyuta inayotekeleza kazi ambazo kwa kawaida huhitaji akili ya mwanadamu, kama vile kutambua picha, kutumia lugha, au kukadiria jambo linaloweza kutokea. Mifumo mingi ya siku hizi haifuati tu maagizo yaliyoandikwa na mtaalamu moja baada ya jingine. Hujifunza kutokana na mifano. Tukitaka programu itambue mapafu yenye ugonjwa, huoneshwa picha nyingi mno ambazo wataalamu wamekwisha kuzitolea majibu. Taratibu hujirekebisha hadi majibu yake yakaribiane na yale ya wataalamu. Baadaye, ikioneshwa picha mpya, hutoa makadirio yake.

Kutokana na maelezo hayo tunapata mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni kwamba ubora wa programu hutegemea sana mifano iliyofundishwa nayo. Kama mifano hiyo ilitoka kwa watu wa aina moja, au ilibeba makosa na ubaguzi wa jamii, mashine nayo itarithi kasoro hizo. La pili ni kwamba mashine hutambua mfanano. Haifahamu ugonjwa kama tunavyoufahamu sisi tuliowahi kuugua au kuuguza. Haijui maana ya kukohoa usiku kucha, wala hofu ya mama anayesubiri majibu ya mtoto wake. Neno lenyewe “akili”, linapotumika kwa mashine, lipokelewe kwa tahadhari.

Mfano ulio karibu nasi: kifua kikuu

Ili tusibaki katika mambo ya nadharia, tuchukue mfano unaozigusa jumuiya zetu moja kwa moja. Kifua kikuu ni ugonjwa unaotibika, na kwa kawaida tiba yake huchukua miezi sita pale ambapo vimelea havijawa sugu kwa dawa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu na watu milioni 1.25 walifariki dunia kwa ugonjwa huo. Miongoni mwa waliougua, milioni 8.2 ndio waliogunduliwa na kuandikishwa. Waliobaki, zaidi ya milioni 2.5, hawakufikiwa na huduma au hawakuingia katika hesabu yoyote. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo zilikuwamo katika orodha ya miaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu.

Kikwazo kimojawapo cha kuwafikia wagonjwa hao ni uchache wa madaktari bingwa wa mionzi. Picha ya eksirei ya kifua inaweza kuonesha dalili mapema, hata kabla mgonjwa hajaanza kukohoa sana, lakini picha bila msomaji haina faida. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kusoma picha za kidijitali za kifua, kwa ajili ya kuchuja watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaoweza kuwa na kifua kikuu. Siku hizi zipo mashine za eksirei ndogo zinazotumia betri, ambazo mtu mmoja anaweza kuzibeba hadi kijijini, machimboni au gerezani. Picha hupigwa, programu huisoma kwa muda mfupi, na mtu mwenye dalili hutakiwa kutoa makohozi kwa ajili ya kipimo cha maabara siku hiyo hiyo. Kwa mtu ambaye angelazimika kutumia nauli ya wiki nzima kwenda mjini na kurudi, hii ni neema kubwa, na hatupaswi kusita kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Hata hivyo, tuangalie kwa makini mashine inachokifanya. Programu haitangazi kwamba mtu fulani ana kifua kikuu. Hutoa alama, kwa mfano kati ya 0 na 100, inayoonesha jinsi picha yake inavyofanana na picha za watu wenye ugonjwa huo. Ni lazima mtu aamue alama ipi iwe mpaka wa kumtuma mgonjwa maabara. Tuseme mpaka umewekwa kuwa 60. Mwenye alama 58 atarudi nyumbani kwake. Ukishushwa hadi 50, mwenye alama 58 atapimwa makohozi, lakini pamoja naye watapimwa watu wengine wengi ambao hawana ugonjwa, na vifaa vya maabara vitakwisha mapema. Ukipandishwa, fedha zitaokolewa, na baadhi ya wagonjwa watapotea.

Mashine haichagui mpaka huo. Wanaouchagua ni watu: maofisa wa mpango wa afya, wataalamu, wakati mwingine wafadhili au watengenezaji wa programu. Kuchagua mpaka ni kuamua ni makosa yapi tuko tayari kuyavumilia, na mabega ya nani yatayabeba. Hilo ni suala la kimaadili hata kama limevaa vazi la hesabu. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kwamba mpaka upimwe na kuchaguliwa kulingana na mazingira ya mahali husika, badala ya kuchukuliwa tu kama ulivyotoka kiwandani.

Zaidi ya hayo, mashine ina mipaka yake. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu na kupona anaweza kuwa na makovu kwenye mapafu, na programu ikayahesabu kuwa ni ugonjwa mpya. Kwa baadhi ya watu wanaoishi na VVU, picha inaweza kuonekana karibu ya kawaida hali ugonjwa upo. Mapendekezo tuliyoyataja hayahusu watoto wadogo. Muuguzi anayemuuliza mgonjwa, “Umewahi kutumia dawa za kifua kikuu?” au “Nyumbani kuna mwingine anayekohoa?” anaongeza maarifa ambayo picha peke yake haiwezi kuyatoa.

Matunda mengine yanayoonekana

Mifano ya matumaini ni mingi. Nchini Sweden, utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 80,000 waliopigwa picha za kuchunguza saratani ya matiti ulionesha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023, kwamba kutumia akili mnemba pamoja na madaktari kulipunguza kazi ya kusoma picha kwa asilimia 44 bila kupunguza idadi ya saratani zilizogunduliwa. Daktari aliyeondolewa mzigo wa namna hiyo hupata nafasi ya kukaa na mgonjwa anayehitaji kuelezwa habari ngumu.

Karibu nasi zaidi, katika kliniki 15 za jijini Nairobi, mtandao wa Penda Health ulishirikiana na kampuni ya OpenAI kujaribu msaidizi wa kompyuta anayefuatilia maandishi ya matabibu wakati wa kumhudumia mgonjwa na kuwaonya pale anapohisi kuna kosa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2025, iliyotokana na ziara za wagonjwa zaidi ya 39,000, ilieleza kwamba matabibu waliokuwa na msaidizi huyo walifanya makosa machache zaidi: asilimia 16 pungufu katika kutambua ugonjwa na asilimia 13 pungufu katika tiba. Uamuzi wa mwisho uliachwa mikononi mwa tabibu mwenyewe. Lakini walipoulizwa wagonjwa kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kwamba imetokana na mashine. Funzo tunalolipata ni la kiasi: kupunguza makosa ni jambo jema, lakini kupona kwa mwanadamu kunategemea pia dawa kupatikana, chakula, maji safi, na mtu wa kumfuatilia mgonjwa akisharudi nyumbani.

Hatari ambazo dhamiri haiwezi kuzifumbia macho

*Ubaguzi uliojificha ndani ya hesabu.* Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu programu iliyokuwa ikitumika sana nchini Marekani kuchagua wagonjwa wanaostahili uangalizi wa ziada. Programu hiyo ilipima uhitaji wa mgonjwa kwa kuangalia gharama zake za matibabu. Kwa kuwa fedha kidogo zaidi zilikuwa zikitumika kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe wenye ugonjwa wa kiwango kile kile, mashine iliwahesabu weusi kuwa na afya njema kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba kama kasoro hiyo ingerekebishwa, sehemu ya wagonjwa weusi kati ya waliochaguliwa kupata msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hapakuwa na mtu aliyeiandikia programu neno la ubaguzi. Dhuluma ya zamani iliingia kimyakimya kupitia kipimo kilichochaguliwa. Tukitafakari hilo katika nchi zetu, tujiulize: maskini ambaye hafiki hospitali kwa kukosa nauli ataonekanaje kwa mashine inayohesabu ziara za hospitali? Ataonekana mzima wa afya.

*Mashine isiyojua sababu.* Watafiti wa Marekani waliwahi kufundisha programu kukadiria ni wagonjwa wapi wa homa ya mapafu waliokuwa katika hatari ya kufa. Programu ilijifunza kwamba mwenye pumu ana hatari ndogo zaidi, jambo ambalo daktari yeyote atalishangaa. Sababu ilikuwa rahisi: wenye pumu walikuwa wakipelekwa moja kwa moja katika uangalizi maalumu, nao wakapona kwa wingi. Mashine iliyaona matokeo, haikuyaona mapendo na bidii ya watu waliowahudumia. Ingeaminiwa bila kuchunguzwa, ingewarudisha nyumbani watu wanaohitaji msaada haraka.

*Tofauti ya mazingira.* Watafiti wa kampuni ya Google walipopeleka katika kliniki 11 za Thailand programu ya kuchunguza madhara ya kisukari machoni, waligundua kwamba zaidi ya moja ya tano ya picha zilikataliwa na mashine kwa kuwa hazikuwa na ubora unaotakiwa. Vyumba havikuwa na giza la kutosha, na intaneti ilikuwa ya kusuasua. Wagonjwa wengine walilazimika kupangiwa safari nyingine. Kifaa kilichofaulu maabara kinaweza kushindwa pale umeme unapokatika, na anayelipa gharama ya kushindwa huko ni yule aliyekwisha kuacha shamba lake au biashara yake kwa siku nzima.

*Kudhoofika kwa ujuzi.* Utafiti uliofanyika Poland na kuchapishwa mwaka 2025 uliwahusu madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Baada ya kuzoea kusaidiwa na akili mnemba, walipofanya kazi bila msaada huo, uchunguzi ambao waliona uvimbe wa awali unaoweza kugeuka saratani ulishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Jicho lisilotumika huzoea kulala. Katika mazingira ambayo kifaa kinaweza kuharibika kwa miezi kabla ya fundi kufika, hatari hii inatuhusu zaidi.

*Siri ya mgonjwa.* Taarifa za afya ni sehemu ya undani wa mtu. Majibu ya kipimo cha VVU, historia ya ujauzito, au ugonjwa wa akili vikivuja, vinaweza kuvunja ndoa, kumwachisha mtu kazi na kumtenga na jirani zake. Sheria za nchi zimeanza kulinda haki hii. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria haimlindi anayepiga picha cheti cha ndugu yake na kukituma katika programu ya mazungumzo bila kumwomba ridhaa wala kufahamu taarifa hizo zitahifadhiwa wapi.

*Majibu yenye uhakika wa uongo.* Programu za mazungumzo zinazotunga maandishi huweza kueleza jambo lisilo la kweli kwa ufasaha ule ule zinaoutumia kueleza ukweli. Hazina uso wa kuonesha mashaka. Mgonjwa anayeacha dawa za shinikizo la damu kwa sababu simu imemwambia, au mzazi anayechelewa kumpeleka hospitali mtoto mwenye homa kali, anaweka maisha rehani kwa sauti ambayo haitamjibu mtu yeyote siku ya msiba.

Mwanga wa Mafundisho ya Kanisa

Kanisa haliiogopi elimu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kuitumia dawa ambayo Mungu ameitoa katika ardhi, huku tukisali. Sala na tiba havishindani. Mtazamo huo ndio unaoongoza mafundisho ya sasa kuhusu akili mnemba.

Tarehe 28 Februari 2020, Taasisi ya Kipapa ya Maisha, pamoja na kampuni za Microsoft na IBM, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Serikali ya Italia, ilitia saini Wito wa Roma kwa ajili ya Maadili ya Akili Mnemba. Wito huo unataja misingi sita: uwazi, ujumuishi, uwajibikaji, kutopendelea, kuaminika, na usalama pamoja na faragha. Baba Mtakatifu Francisko aliuchagua mjadala huu kuwa kiini cha ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, tarehe 1 Januari 2024. Tarehe 14 Juni mwaka huo huo, akizungumza na viongozi wa kundi la G7 huko Puglia, Italia, alitofautisha uchaguzi wa kiufundi unaofanywa na mashine na uamuzi wa kweli, ambao hutoka katika moyo wa mwanadamu na kubeba uzito wa mema na mabaya. Mfano wetu wa mpaka wa alama katika kifua kikuu unaonesha wazi ukweli wa tofauti hiyo.

Hati ya Antiqua et Nova, iliyotolewa tarehe 28 Januari 2025 na Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa pamoja na Baraza la Kipapa la Utamaduni na Elimu, inatenga sehemu maalumu kwa ajili ya huduma za afya. Inatambua kwamba akili mnemba inaweza kusaidia katika kutambua magonjwa, kuboresha uhusiano wa wahudumu na wagonjwa, na kupanua huduma kwa walio pembezoni. Papo hapo inaonya kwamba mashine ikichukua nafasi ya uhusiano kati ya mgonjwa na mhudumu, itazidisha upweke unaoandamana na ugonjwa. Inafundisha pia kwamba maamuzi kuhusu tiba, pamoja na uzito wa uwajibikaji wake, lazima yabaki kwa mwanadamu. Aidha, inatahadharisha dhidi ya tiba ya matajiri, ambapo wenye uwezo wanafaidi vifaa vya hali ya juu huku wengine wakikosa hata huduma za msingi.

Baba Mtakatifu Leo XIV, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa kwake, aliwaeleza Makardinali tarehe 10 Mei 2025 kwamba alichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Papa Leo XIII. Katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, Papa huyo alitetea haki za wafanyakazi katika mapinduzi makubwa ya viwanda. Leo, alisema, Kanisa linatoa hazina ya mafundisho yake jamii mbele ya mapinduzi mengine, ambayo akili mnemba ni sehemu yake.

Tukiyakusanya mafundisho haya, tunapata misingi minne. Utu wa mgonjwa hautegemei alama, umri wala uwezekano wake wa kupona. Mashine isitumike kamwe kupima kama maisha ya mtu yanastahili kutunzwa. Mafao ya wengi yanadai faida za teknolojia ziwafikie wote. Mshikamano unatutaka tuanze na walio dhaifu zaidi. Na kanuni ya auni inatufundisha kwamba wale walio karibu na mgonjwa, yaani familia, muuguzi wa zahanati na jumuiya, wasaidiwe kutimiza wajibu wao, wala wasinyang'anywe.

Wajibu wetu sisi waamini

Mafundisho yasiyogusa maisha hubaki karatasini. Tunapendekeza mambo yafuatayo.

Kwa mgonjwa na familia yake: hamkosi adabu kwa kuuliza. Mwambieni daktari au muuguzi kwa heshima:

- Je, kuna programu iliyotumika kufikia jibu hili, na ni nani aliyelithibitisha?
- Kama sikubaliani na jibu hili au hali ikibadilika, nimwendee nani?
- Taarifa na picha zangu zinahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuziona?
- Je, kuna kipimo kingine cha kuhakikisha?

Anayetumia programu ya mazungumzo kwenye simu aitumie kuandaa maswali ya kumpelekea tabibu, wala asiitumie kuanza au kuacha dawa. Asiweke humo jina, namba wala cheti cha mtu mwingine. Dalili za hatari, kama kupumua kwa shida, kutokwa damu nyingi, degedege au kupoteza fahamu, hazisubiri jibu la simu.

Kwa wahudumu wa afya: ichukulieni alama ya mashine kama maoni ya msaidizi. Mnapotofautiana nayo, andikeni sababu. Endeleeni kujizoeza kusoma picha na kumpima mgonjwa kwa mikono yenu, ili siku kifaa kitakaponyamaza, mgonjwa asikose mtu wa kumtazama.

Kwa wanaosimamia taasisi za afya za Kanisa: kabla ya kupokea programu, hata inapotolewa bure, ulizeni ilifundishwa kwa taarifa za watu gani, imejaribiwa wapi, nani atamiliki taarifa za wagonjwa wenu, na nini kitatokea mradi wa mfadhili utakapomalizika. Mkataba usiojibu maswali hayo usitiwe saini. Tena muda utakaookolewa na mashine urudishwe kwa mgonjwa. Ukigeuzwa kuwa sababu ya kupunguza wauguzi na kuharakisha foleni, tutakuwa tumenunua kifaa na kuuza utume.

Kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: kazi yenu haina mbadala. Mashine inaweza kumtambua mwenye kifua kikuu siku moja, lakini miezi sita ya dawa inahitaji jirani wa kumkumbusha, wa kumsindikiza kliniki, wa kumletea uji, na wa kukaa naye bila kumnyanyapaa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tuongeze kwamba mara nyingi watu huficha maradhi kwa kuogopa macho yetu. Jumuiya isiyohukumu ni sehemu ya tiba.

Hitimisho

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, mwanamke aliyekuwa akitokwa damu kwa miaka 12 anagusa vazi la Yesu katikati ya umati, naye anapona papo hapo. Tukihesabu matokeo tu, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Bwana anasimama, anamtafuta aliyemgusa, anamsikiliza akieleza ukweli wake wote, na kumwita binti. Kwa Yesu, uponyaji haukukamilika mpaka mwanamke huyo alipotoka katika umati na kuwa mtu mwenye uso na sauti.

Hapo ndipo tunapopata kipimo cha kupimia teknolojia yoyote itakayoingia katika hospitali na zahanati zetu. Ikitusaidia kumwona mapema yule aliyekuwa amesahaulika, tuipokee kwa shukrani na tudai iwafikie maskini. Ikitupa kisingizio cha kutomtazama, tuwe na ujasiri wa kuikataa. Tunawakabidhi wagonjwa wetu, wahudumu wa afya na wote wanaobuni vifaa hivi kwa maombezi ya Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, na ya Mtakatifu Kamili wa Lellis, ili kila alama inayotolewa na mashine imkute mwanadamu aliye tayari kuijibia kwa mapendo.